Kabla Bibi Hajakwambia

Devota mwanangu,

Marahaba. Najua ukiuona mwandiko wangu utaniamkia kimoyomoyo, kwa hiyo nimeshaitikia.

Saa hizi uko Michenga kwa bibi yako unaaga. Baba yako yuko kwenye pawatila yake, lile trekta dogo la mkono. Mimi nimekaa hapa uani, nalinda mpunga tuliouanika kwenye turubai, kuku wa jirani wananitazama na mimi nawatazama. Nimechana karatasi kwenye daftari lako la fizikia, zile kurasa za mwisho ulizoacha. Herufi zangu zinapanda na kushuka, utanivumilia. Niliishia darasa la tano, na tangu hapo kitu kirefu nilichowahi kuandika ni orodha ya michango ya msiba.

Sikuandikii habari za kufua, kula na kufunga mlango. Hayo unayajua, na usiyoyajua wenzako huko chuoni watakucheka mpaka uyajue. Nakuandikia kwa sababu kuna jambo nimekuficha mwaka mzima na nusu. Bibi yako nilimwambia mwezi uliopita, na bibi yako unamjua, siri kwake haikai. Huenda sasa hivi anakukaangia samaki huku anakusimulia. Nataka ulisikie kwangu, hata kama nimechelewa.

Nina uvimbe shingoni, Devota. Uko upande wa kulia, mbele, chini kidogo ya koo, ukubwa kama kokwa ya zambarau. Wamenichoma sindano nyembamba wakatoa kidogo kilichomo, wamekipeleka kupimwa, na majibu ni Alhamisi. Wewe unaondoka kesho Jumanne. Nilikuwa nimepanga uondoke hujui, ufike Dodoma salama, uanze masomo yako, halafu tuone. Nilijiona nina akili sana kwa mpango huo.

Ngoja niwafukuze kuku.

Nimerudi. Nianzie mbali kidogo, maana mambo haya hayakuanzia shingoni kwangu.

Nilipokuwa mtoto, mpunga ukianza kushika maziwa, kijiji kizima kilikuwa kinahamia bondeni. Watu wanafunga milango kwa kamba, wanabeba masufuria, mikeka, kuku na watoto, wanakwenda kukaa shambani mpaka mavuno. Babu yako alikuwa anatujengea dungu, kile kichanja kirefu cha miti chenye paa la nyasi, sisi tunakaa juu kuamia ndege, kuwafukuza wasile mpunga. Wewe umeyazoea madungu ya siku hizi ya miti minne na kipande cha turubai. La babu yako lilikuwa nyumba. Asubuhi ukiamka, ukungu umelala juu ya mpunga, bonde zima jeupe, na milima ya Udzungwa kule unaiona kama imetoka kuoshwa. Halafu unasikia sauti ya kwanza kutoka dungu la mbali, kisha la karibu, kisha la kwetu. Kila mwanamke alikuwa na mlio wake. Mama yangu alikuwa na mlio wa kupanda juu, anauvuta mpaka unahisi utakatika, na haukatiki. Ukiusikia tu unajua Mama Batilda ameamka. Majirani walikuwa wanamlalamikia kwamba ndege wa kwetu wote anawahamishia kwao.

Moshi wa kuni mbichi, samaki wa kuchoma, mpunga mchanga tunaoukaanga na kuutwanga tukala bila mboga. Nikizeeka nikasahau majina yenu wote, nadhani harufu ile nitaikumbuka.

Na mama yangu alikuwa na rovu, ule uvimbe wa shingo. Wewe umemzoea nalo, ulipokuwa mdogo ulikuwa unalala kifuani kwake umelishika kama mpira. Lakini wakati ule ndipo lilikuwa linakua, na watoto wa shule huwa hawana huruma. Watu wazima nao walikuwa na maelezo yao. Walisema ni kelele za ndege zimemvimbisha. Anapiga kelele kupita wenzake, koo limechoka, limefura. Hata yeye mwenyewe aliamini hivyo. Sikuwahi kusikia mtu akitaja habari za chumvi wala tezi.

Siku moja nikiwa darasa la nne alikuja shuleni kuniletea daftari nililosahau. Alisimama mlangoni, kanga imeteleza, shingo iko wazi. Msichana tuliyekaa naye dawati moja akaniuliza, “Yule mama mwenye shingo ni nani kwako?”

Nikasema, “Jirani yetu. Sijui anamtafuta nani.”

Mama akamwachia mwalimu daftari, akaondoka. Jioni akanipikia kama siku zote. Hakusema chochote, nami nikajua hakusikia. Mwaka uliofuata niliacha shule kwa sababu ya kuamia ndege, na watu walinionea huruma, lakini mimi sikulia sana. Kule bondeni hapakuwa na mtu wa kuniuliza yule mama ni nani kwangu.

Hilo sijawahi kukusimulia. Wewe unamjua mama anayekukaripia usipomwamkia bibi vizuri. Sasa unajua ule ukali unatoka wapi.

Wewe nilikupeleka bondeni ukiwa na miezi minne. Ulipokuwa na miaka kama mitano nilikuweka juu ya dungu nikakwambia piga kelele, mama, ndege waondoke. Ukaanza kuimba wimbo wa kanisani, wa taratibu kabisa, umefumba na macho. Baba yako alikuwa chini anakata nyasi. Akasema, “Huyu hawafukuzi. Huyu anawakaribisha.” Tulicheka mpaka mpunga ukaliwa. Tangu siku hiyo nilijua una sauti. Nilikuwa naona fahari hata nikijifanya naongea mambo mengine. Kanisani ukisimama kuimba, nilikuwa nageuza shingo kidogo kuona nani anakutazama.

Ndiyo maana hili linalofuata ni gumu kuandika.

Mwaka jana, wiki kama tano kabla ya Pasaka, nilikwenda kwa Mama Shamsa kupimwa gauni. Unamjua rafiki yangu huyo, mwenye duka la vitenge na vyerehani viwili, mtu wa Kilwa ambaye tangu nimfahamu anasema mwaka ujao anarudi kwao. Akanizungushia futi shingoni, kidole chake kikasimama.

“Mama Devota, hapa pana nini?”

“Hapana kitu.”

“Pana kitu. Hebu meza mate.”

Nikameza.

“Kinapanda na kushuka.”

“Ni koo hilo, Mama Shamsa. Hata lako linapanda.”

“Langu halina kokwa ndani.”

Nikamwambia anishonee kola ya juu, iliyosimama, nikaaga. Njiani miguu ilikuwa inatembea yenyewe. Na jambo la kwanza lililonijia kichwani si hospitali. Lilinijia dungu. Nikasema, basi, ndiyo yale ya mama. Miaka yote hii ya kupigia ndege kelele, na mimi zamu yangu imefika. Nyumba yetu wanawake tuna makoo mabovu, tukiyatumia yanafura. Nikaingia ndani, na kabla sijakaa, wewe ukaja mbio kutoka mazoezi ya kwaya, umelowa jasho, unacheka.

“Mama, wamenipa mimi kuongoza. Mkesha wa Pasaka, naimba peke yangu.”

Nilikuwa jikoni nimeshika mwiko. Nikakutazama shingo.

“Kwaya basi,” nikasema.

“Basi vipi?”

“Basi. Huendi tena.”

“Mama, nimekosa nini?”

“Watu wanasema.”

“Wanasema nini?”

“Wewe na yule kijana wa kinanda.”

Hapakuwa na watu, Devota. Hakuna aliyesema neno. Niliwatunga palepale, watu na maneno yao, kwa sababu nisingeweza kukwambia nina hofu bila kukwambia hofu ya nini. Kijana wa kinanda mwenyewe sikuwa najua hata jina lake. Nilichukua tu kilichokuwa karibu, kama mtu anayeokota jiwe. Ulilia wiki nzima, na mbaya zaidi uliacha hata kumsalimia yule kijana njiani, naye akawa haelewi amekukosea nini. Mkesha wa Pasaka akaongoza msichana mwingine. Ulikaa ubavuni kwangu, midomo yako inatembea na wimbo wote, sauti haitoki. Nilikuwa naona. Nikajiambia, heri hivi, shingo yake itasalimika.

Msimu ule bondeni unaukumbuka. Niliwakataza kupiga kelele. Tukawa tunagonga madebe na kurusha udongo kwa kombeo. Kwelea kwelea wakaja kama moshi, wanatua mbali kidogo na debe, wanakula, wanatusikiliza.

“Mama, mbona hatuwapigii kelele?”

“Nina mafua.”

“Mafua ya miezi miwili?”

Tulivuna nusu ya tulichozoea. Baba yako akalaumu mbegu, akazunguka msimu mzima akisema aliyemuuzia mbegu zile amemwonea. Nikamwacha aseme.

Na zile kola. Joto la Ifakara unalijua, hata mbuzi wanatafuta kivuli saa tatu asubuhi, na mimi nimejifunga mpaka kidevuni. Mama Shamsa alinishonea ya kwanza, ya pili, na ya tatu wakati wa Krismasi. Ukaniuliza shingo inauma. Nikasema hapana, ni fasheni.

“Fasheni ya wapi?”

“Ya mjini.”

“Mjini gani huko, mama, wanakovaa hivyo?”

Nikakutuma chumvi. Ukarudi ukaniuliza tena. Nikakutuma kiberiti.

Mwaka huu mwezi wa nane, baada ya mavuno, nilipeleka kitambaa cha gauni la nne. Mama Shamsa akakikunja akanirudishia mkononi.

“Kola ya nne sikushonei.”

“Kwa nini? Si nakulipa?”

“Unanilipa nikusaidie kujificha. Mie nimekushonea tatu, najiona kama mwizi. Nenda hospitali, halafu uje, nitakushonea hata yenye mapazia.”

“Na wakiniambia ni kansa?”

“Utakuwa umeambiwa. Sasa hivi unajiambia mwenyewe kila siku, tena bila cheti.”

Nilimkasirikia, nikatoka bila kuaga. Nilifika mpaka kwenye muuza vitumbua, nikasimama, nikaona mbele yangu sina pengine pa kwenda na kile kitambaa, maana mafundi wengine wangeniuliza maswali. Nikarudi. Alikuwa ameshavaa baibui anafunga duka.

“Nilijua utarudi,” akasema. “Twende, ila usinitembeze juani.”

Hospitali alinipokea daktari kijana, mdogo kwa umri kuliko mjomba wako wa mwisho, akaniamkia shikamoo mama kabla hata sijakaa, na hofu yangu ikapungua kidogo kwa shikamoo hiyo peke yake. Muuguzi alinipa kikombe cha maji, akanisimamisha mbele ya kioo. “Kunywa, mama, tazama hapo chini ya koo.” Nikakiona kwa mara ya kwanza. Miezi yote ile nilikuwa nimekishika kwa vidole, sijawahi kukitazama. Kilipanda nilipomeza, kikashuka, kama mtu anayechungulia dirishani akarudi ndani. Kisha nikalazwa, nikapakwa mafuta ya baridi, wakapitisha kile kifaa cha altrasaundi.

Daktari akaniambia ni kivimbe ndani ya tezi ya thairoidi, ile tezi iliyokaa mbele ya koo. Akasema vingi vya namna hii si kansa, lakini hawasemi kwa macho, lazima wachukue kidogo kwa sindano kipimwe. Akaniuliza kama nina swali. Nilikuwa nalo moja tu, na nililiona la kijinga, lakini nikaliuliza.

“Daktari, mimi ni mtu wa kuamia ndege. Hizi kelele ndizo zimeleta?”

Hakucheka. Nitamshukuru kwa hilo siku zote. Akasema, “Hapana, mama. Kupiga kelele hakuleti huu uvimbe.”

“Na kuimba?”

“Kuimba nako hakuleti. Yale marovu makubwa ya zamani, mengi yalikuwa ni upungufu wa madini yanayowekwa kwenye chumvi. Hata mtu bubu anapata.”

Ndipo nikalia. Daktari akadhani ni hofu ya sindano, akaanza kunibembeleza kwamba ni nyembamba. Mama Shamsa akadhani ni kansa, akaanza dua. Hakuna aliyejua kwamba nilikuwa naulilia ule mkesha wa Pasaka. Nililia midomo yako ile. Nilikuwa nimekunyang'anya sauti yako na jina lako zuri kwa ajili ya kitu ambacho hakikuwepo, na nilikuwa nimefanya hivyo kwa upendo, na ule upendo haukusaidia chochote.

Nakuomba msamaha, mwanangu. Siweki neno lingine hapo.

Baba yako nilimwambia jioni ile. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanyanyuka, akaenda kuitengeneza pawatila. Haikuwa mbovu. Niliisikia inafunguliwa na kufungwa, inafunguliwa na kufungwa. Siku ya sindano nikamkuta mlangoni amevaa shati la kanisani, hajasema kama anakuja wala haji. Amesimama tu ameshika kofia. Sindano yenyewe iliuma kama siafu mkubwa, na yeye ndiye aliyefumba macho.

Sasa utaelewa kwa nini tangu mwezi wa nane nakunywesha maji. Ulinilalamikia nimekufanya ndoo. “Kunywa maji, mama, kuna joto.” “Mama, nimetoka kunywa.” “Kunywa tena.” Nilikuwa natazama shingo yako. Nimeitazama ukinywa maji, ukinywa chai, ukimeza tonge. Sijaona kitu. Baadaye nilipata akili nikamuuliza yule muuguzi, akasema hakuna haraka, siku ukienda hospitali kwa shida yoyote waambie tu mama na bibi wana uvimbe wa tezi. Kwa hiyo chuoni kunywa maji kwa kiu yako.

Nilikwenda kwa bibi yako nikiwa nimebeba mambo mawili. La kwanza lilikuwa jepesi.

“Mama, na mimi nina shingo kama yako.”

“Lete.” Akanishika kwa vile vidole vyake vigumu kama anachagua nyanya. “Hiki? Hiki ndicho kinakukondesha?”

“Kinaweza kuwa kibaya.”

“Kinaweza. Umeenda hospitali?”

“Nimeenda.”

“Basi mimi niseme nini zaidi ya daktari.”

Nikakaa. Nikamwambia la pili. Nikamkumbusha lile daftari, na mlango wa darasa, na yule msichana.

“Nilisikia,” akasema.

“Ulisikia?”

“Mlango ulikuwa wazi, na wewe hujawahi kuwa na sauti ndogo.”

“Mbona hukusema kitu, mama?”

“Niseme nini? Nilikuja kuleta daftari, sikuja kugombana.” Akaendelea kuchambua mchele wake, nikaona mabega yanatikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. “Haya, jirani yenu ana njaa. Nenda kateleke maji ya ugali.”

Nilipika ugali ule machozi yananitiririka, nikausingizia moshi. Miaka yote hiyo nilikuwa namficha kitu alichokuwa nacho mkononi. Na nikawaza, huyu wangu naye, aliyeniuliza habari za kola mara mbili, amejua mangapi akaninyamazia?

Hofu sikufichi, ipo. Mwanzoni nilikuwa nakishika kila wakati. Nikipika nakishika, nikiwa kanisani nakishika, mpaka ngozi ikachubuka, kila saa naona kimekua. Muuguzi akaniambia, “Mama, acha kukifinya. Hakitakwambia kitu.” Nikajiwekea Jumapili. Nikitoka misani nakikagua mara moja mbele ya kioo, nakiacha. Siku nyingine mkono ukianza kupanda naupa ungo. Mpunga wa nyumba hii haujawahi kuwa safi kama mwaka huu, wateja kule kwenye mashine ya kukoboa wamenisifu.

Na kila siku nakwenda dukani kwa Mama Shamsa. Nikifika tu anasema, “Haya, leta ya leo.” Namwambia hofu ya siku hiyo. Mara nasema nitakufa kabla hujamaliza chuo. Mara nasema watanikata shingo nitabaki bila sauti. Juzi nilimwambia naogopa sindano imekiamsha. Anasikiliza, anashona, hanipingi wala hanidanganyi. Akiingia mteja tunaacha. Cha ajabu, ya jana huwa sirudii. Nikishaisema kwa mtu inakuwa ndogo, inakuwa kama jambo la mtu mwingine. Ile iliyonila mwaka mzima ni ile niliyokuwa naificha chini ya kola.

Kwa hiyo hii barua sitaituma, wala sitakuachia uikute huko mbali ukiwa peke yako na watu usiowajua. Nakupa mkononi ukiingia leo. Isome hapahapa uani, mimi nitakuwepo, nitakuwa nakusanya mpunga. Ukitaka kukasirika kwa ajili ya kwaya, nikasirikie nikiwa mbele yako. Usiogope kwamba mimi ni mgonjwa. Nina haki ya kukasirikiwa kama mama mwingine yeyote. Na yule kijana wa kinanda, jina lake nimeshaliuliza, anaitwa Thadei. Jumapili iliyopita nilimfuata nje ya kanisa nikamwambia kosa lilikuwa langu. Alinitazama kama nimepatwa na jua, lakini alisema ahsante mama.

Kesho utapanda basi na utakwenda. Usije ukaniambia unaahirisha. Nikikuona unashuka na begi nitakupandisha mwenyewe, na kondakta atanisaidia. Kukaa kwako hapa hakutabadilisha kilichoandikwa kwenye ile karatasi yao.

Ila habari yenyewe sitaki niisikie mimi kwanza halafu nianze kupanga nikwambie nini na nisikwambie nini. Najijua. Nikipewa hata saa moja peke yangu na habari mbaya, nitaitafutia kola. Nimeshamwomba daktari. Alhamisi saa nne nitakupigia tukiwa chumbani kwake, simu itakaa mezani imewekwa sauti kubwa, baba yako upande huu, Mama Shamsa upande ule, na yeye hataanza kusema mpaka wewe umeitika. Kama ni salama utalisikia jibu dakika ileile ninayolisikia mimi. Kama ni baya, pia. Muombe mwalimu wako ruhusa utoke nje ya darasa, mwambie ukweli, sema ni shingo ya mama.

Na baada ya hapo, ukinipigia siku yoyote, usianze na habari za mvua, wala usiniulize kama nimekula. Anza na shingo. Nami nitakujibu ilivyo.

Naisikia bodaboda inakata kona. Ni wewe.

Mimi mama yako,
Batilda